Shona Mto Unaofunguka

Mjukuu wangu,

Juzi jioni ulipoipanga mito yako sita juu ya mkeka wangu, mwekundu kando ya wa manjano, wa kijani mwishoni, niliona ulivyoudhika nilipochukua mmoja nikaugeuza mgongo kabla sijautazama uso. Nikautafuta mdomo, sikuuona. Ulikuwa umeushona pande zote nne, na upande wa mwisho umeufunga kwa mkono, kwa mshono wa kujificha ambao macho yangu hayauwezi tena. Ukaniuliza, "Bibi, una kasoro gani?" Nikakuambia tutazungumza. Shangazi zako wakaingia na habari zao za harusi, ikapita hivyo.

Sasa ndiyo nazungumza. Nimemwomba kaka yako aniandikie, kwa kuwa vidole hivi vinashika sindano vizuri kuliko kalamu.

Rangi unazijua kunishinda. Mkono wako umetulia. Lakini mto wako haufunguki, na kwa mtu anayetaka kula kwa kazi hii hapa Nyakabiga, hilo si jambo dogo.

Tazama wateja wako ni nani. Karitiye yetu ni ya wapangaji. Wanafunzi wa chuo kikuu, kampasi ya Mutanga, wanapanga chumba watatu watatu. Vijana waliooa juzi wanapanga salo na chumba kimoja. Mpangaji haruhusiwi kupaka ukuta rangi anayoitaka, na msumari mmoja tu unaweza kumletea maneno ya mwenye nyumba mpaka mwisho wa mwezi. Makochi yenyewe mara nyingi ni ya kurithi au ya kununuliwa kwa mtu aliyehama. Katika nyumba kama hiyo mito ndiyo kitu anachoweza kusema ni changu, nimekichagua mimi. Kwa hiyo anaipenda, anaikalia, anailalia, watoto wanaipigania. Halafu kiangazi kinaingia. Kuanzia Juni mpaka Septemba vumbi linapita hata chini ya mlango uliofungwa. Mvua ikirudi, watoto wanakuja na matope ya bonde la Ntahangwa miguuni moja kwa moja hadi kwenye kochi. Mchuzi wa maharage nao haujui kwamba mto huu ulishonwa siku mbili.

Baada ya miezi mitatu mteja wako anataka kufua. Atafanya nini na mto usio na mdomo? Ataubwaga mzima kwenye karai. Utakunywa maji mpaka uwe mzito kama mtoto wa ng'ombe, ataukamua nusu nusu, atauanika ukutani, na siku ya nne katikati bado kutakuwa na unyevu. Ukishaanza kunuka anauhamishia uani, mbwa anaulalia. Jirani akimuuliza alinunua wapi, atalitaja jina lako, na hatalitaja kwa wema.

Haya sikuyasoma mahali. Nilikuwa na miaka kama yako, bado niko kwa mama yangu Buyenzi, nilipopata kazi yangu ya kwanza kubwa: mito kumi na miwili ya bibi harusi. Unajua desturi yetu, ibirongoranywa, vyombo ambavyo bibi harusi anatoka navyo kwao, na macho ya wakwe yanavyohesabu. Nilichukua kitambaa kizuri. Ndani nikajaza vipande vya nguo nilivyookota kwa mafundi, sikuvifua, sikuvianika, na ulikuwa mwezi wa Aprili, mvua haikatiki. Nikaishona yote kumi na miwili, nikaifunga kama ulivyofunga wewe. Siku ya harusi ilipendeza mpaka nikaitwa nisimame watu wanione.

Haikupita miezi miwili, shangazi wa yule bibi harusi akaja na gunia. Hakusalimia. Alilitua katikati ya chumba, mbele ya wateja wawili wa mama, akatoa mto mmoja, akaomba kisu. Mama akampa! Akaupasua tumbo. Harufu iliyotoka pale, mjukuu wangu, ilikuwa ya tambara la jikoni lililosahaulika chini ya sinki. Ndani mlikuwa na kipande cha suruali ya mtu, mfuko bado uko na kifungo kimeng'ang'ania. Shangazi yule akakishika kile kifungo kwa vidole viwili akamwonyesha mama, akakiweka juu ya cherehani, akaondoka. Hakudai pesa. Mama hakunigombeza. Alinikabidhi ile mingine kumi na mmoja, akaniambia niifungue yote, nifue, nianike, nijaze upya, niirudishe mwenyewe kwa miguu. Kile kifungo alikiacha pale juu ya cherehani mwaka mzima.

Tangu hapo sijafunga mto.

Sasa nikufundishe mdomo wa kupishana, maana zipu siku hizi bei yake haieleweki. Tangu Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga, kila kinachotoka nje kimepanda, na zipu zenyewe nyingi ni nyepesi, meno yanaachana kabla ya mwaka. Mgongo wa kupishana hautaki zipu wala kifungo.

Chukua kitenge. Kipande kizima ni yadi sita, yaani mita tano na nusu pungufu kidogo, na upana wake kwa kawaida ni sentimita 115 hivi. Kabla ya mkasi, loweka. Usiseme utaloweka kesho. Kitenge kipya kina wanga, ukikifua mara ya kwanza kinarudi, na kikirudi kikiwa tayari foronya, kijazo kitabanwa na mshono utapasuka. Loweka, anika kivulini, piga pasi, ndipo upime.

Kwa mto wa sentimita 45, uso unaukata 48 kwa 48, ile ziada ni ya mshono, moja na nusu kila upande. Mgongo unaukata vipande viwili, kila kimoja 48 kwa 33. Jumlisha sasa: 48 na 33 na 33 ni 114. Unaona? Vipande vyote vitatu vinakaa katika upana mmoja wa kitenge, na kinachobaki ni kama unene wa kidole. Ukishuka sentimita 48 nyingine unapata mto wa pili. Kipande cha yadi sita kinakupa mito kumi na mmoja, na utepe mwembamba unaobaki unatosha vitambaa vya kushikia sufuria. Hesabu hii nilichukua miaka kuipata, nilikuwa natoa minane nikidhani nabana. Ila kama kitenge kina ua kubwa kama sinia na unataka likae katikati ya kila uso, kubali minane, na bei ifuate.

Vipande vya mgongo, kila kimoja ukunje ukingo mmoja kwa sentimita tatu, pasi, cherehani. Weka uso umetazama juu, vilaze vile viwili juu yake vikiwa vimeangalia chini, kingo zilizokunjwa zikutane katikati na kupishana. Vitalaliana kwa sentimita 12. Kama kitenge kilirudi upana, mlalo utapungua ukawa kumi, si neno. Ukishuka chini ya nane, mto utafungua kinywa mtu akiegemea. Shona kuzunguka pande zote. Pale kingo zinapopishana, rudisha cherehani mbele na nyuma mara tatu, kwa sababu ndipo mkono wa mteja utakapovuta kila akifua. Kingo za ndani zipitishie zigizaga, au kama cherehani yako haina, pindua kwa mkono. Usiache nyuzi zikichuruzika eti ni ndani hakuna anayeona. Mwenye kufua ataziona.

Na pembe! Mito yako sita yote ina pembe zilizosimama kama masikio ya mbuzi. Kijazo hakifiki kule kwenye ncha, kwa hiyo kitambaa kinabaki kitupu, kinasimama. Dawa yake ni kuipunguza pembe kabla ya kushona: ingia ndani sentimita moja na nusu penye ncha, halafu kwa chaki urudi taratibu mpaka kwenye mstari wako wa kawaida baada ya sentimita 12 hivi. Kwenye kitambaa utaona kama umeharibu mraba. Ukishajaza, mraba unarudi wenyewe.

Tuje kwenye kijazo. Usikitie ndani ya foronya moja kwa moja. Kishonee mfuko wake wa merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba kisicho na nakshi. Wazee wetu walikiita hivyo kwa sababu wafanyabiashara wa Marekani, watu wa Salem, ndio waliokishusha Unguja katika karne ya 19, kikapanda na misafara mpaka Ujiji na kuvuka ziwa. Mfuko huo ukate ukubwa ushinde foronya. Foronya ya 45 inataka mto wa ndani wa 50. Wengi wanafanya kinyume kwa kubana, na mto unazaliwa umekonda.

Cha kujazia, kila mtu ana dini yake. Mama yangu alikuwa mtu wa pamba. Pamba ya hapa kwetu ni ya bonde la Imbo, COGERCO ndiyo iliyokuwa ikiikusanya na kuichambua, na vitambaa tulivyopata ujana wetu vilikuwa vya COTEBU mpaka kiwanda kilipofungwa 2007, kabla hakijarudi kwa jina la Afritextile. Pamba ni baridi na inadumu, lakini ni nzito na inafanya mabonge. Mwenye mto wa pamba aambiwe mapema: kila mwezi autoe foronya, aanike juani, aupigepige. Asipotaka kazi hiyo usimuuzie pamba.

Sufi ndiyo niipendayo mimi, lakini kuipata Bujumbura ni bahati. Ukimpata mtu anayetoka pwani ya Tanzania mwagize. Unyuzi wake ni bomba tupu, una nta, haunywi maji. Zamani mabaharia walijaziwa sufi kwenye maboya ya kujiokolea. Kasoro yake, inashika moto upesi, basi usimpe anayewasha mshumaa kila umeme ukikatika, na hapa kwetu huyo ni nani asiyewasha?

Sponji iliyokatwakatwa ndiyo utakayotumia zaidi, kwa kuwa mabaki ya magodoro yanapatikana. Ni kitu cha juzi tu. Mjerumani Otto Bayer na wenzake ndio waliogundua asili yake mwaka 1937, na kabla ya hapo watu walilala vizuri wakaota ndoto. Sponji inaiva kwa jua, inageuka manjano, baada ya miaka michache inakuwa unga. Hapo ndipo utakapoona faida ya mdomo. Mteja anakuja na foronya yake ileile aliyoizoea, wewe unambadilishia cha ndani kwa bei ndogo. Mto uliofungwa unauuza mara moja. Huu unaofunguka utakurudishia mtu mlangoni mara tatu, mara nne, na safari moja katika hizo atakuja na dada yake.

Nguo za caguwa, yaani mitumba, pia zinafaa kwa kukata vijazo, nami siwezi kuzidharau baada ya yaliyonikuta. Fua, anika, toa vifungo. Vifungo vyote.

Kuna jambo sikupenda kulisema kwa barua, lakini mama yako hakukueleza, na wewe ulikuwa mdogo. Mei 2015, vurugu za siasa zilipotutoa hapa, hatukutoka na kitu. Tulipanda basi la Nyanza-Lac tukidhani tutarudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa na mito ya watu, kazi iliyokamilika, ishirini na mitatu, imelipiwa avansi. Nikatoa foronya zote, nikazikunja zikaingia katika mfuko mmoja wa bega. Vijazo nikaviacha vimerundikana kama watu waliolala. Mama yako alinishangaa: "Unabeba foronya?"

Kagunga, upande wa Tanzania, pale ufukoni, watu walikuwa wengi kuliko mchanga, tukingoja meli ya Liemba itupeleke Kigoma. Wewe ulikuwa unalia huna pa kulaza kichwa. Nikatoa foronya moja, nikatia nguo zetu ndani, nikaupisha mdomo, ukalala. Asubuhi tukaibeba kama begi, jioni ikawa mto tena. Majirani wakaona. Mpaka tunafika kambini Nyarugusu nilikuwa nimebakiwa na foronya nne. Nyingine ziko vichwani mwa watu nisiowajua majina, watu wa Makamba, watu wa Bururi, na mwanamke mmoja wa Kinama aliyeniahidi kunirudishia. Niliporudi 2018 nilivikuta vijazo vyangu vimekuwa mji wa panya. Waliolipa avansi niliwatafuta mmoja mmoja. Saba niliwapata, nikawashonea upya bila faranga. Wengine bado nina majina yao katika daftari, na ukilirithi daftari hilo, umerithi na deni.

Basi nisikuweke hapo. Tuzungumzie urembo kidogo, maana najua ndio ulioutaka.

Ule mto uliodarizi maneno ya Kiingereza mimi sikuuelewa, na nadhani wengi wa kuukalia hawatauelewa. Ukitaka maneno, khanga inayo tayari. Lakini ujue kuikata: ina pindo, ina mji katikati, ina jina lake chini. Wengi wanapitisha mkasi katikati ya jina, unabaki na mto unaosema nusu ya methali kama mtu aliyekatizwa. Jina likiwa refu kuliko mto, lisiwekwe kabisa, weka mji peke yake. Na soma kwanza! Jirani yangu mmoja aliweka salo yake khanga ya mafumbo, wifi yake akaja kutembea, akakaa, akausoma mto, akainuka. Hawakusalimiana mpaka Idi.

Kuliko hayo yote ningependa ujaribu nakshi za agaseke, vile vikapu vyetu vya kusuka. Nyanya yako mzaa baba, wa Gitega, alikuwa anavisuka. Vile vipembe vyeusi vinavyopanda kwa kuzunguka juu ya majani meupe. Vidarizi kwa uzi mweusi juu ya merikani, mshono wa mnyororo, vianze chini kushoto vipande kwa mshazari. Hiyo ni sura ambayo mtu wa hapa ataitambua bila kuambiwa, na mgeni atauliza. Usijaze uso wote. Theluthi moja inatosha.

Juu ya pesa nitasema kwa ufupi kwa sababu unasoma mambo hayo chuoni. Chukua avansi ya nusu, na siku hiyohiyo uigeuze kitambaa, usilale nayo, bei hazikungoji. Saa zako zihesabu. Kudarizi siku mbili si bure kwa kuwa ulikuwa umekaa. Bidhaa usiweke mahali pamoja. Jumapili ile ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu lilipoungua, nilikuwa na meza yangu ndani, na akiba yangu yote ya vitambaa ilikuwa chini ya meza hiyo. Leo nina kidogo Ruvumera, kidogo Jabe, kidogo chini ya kitanda. Na cherehani ununue ya kukanyaga kwa miguu, hata kama marafiki zako watakucheka. Umeme ukikatika saa tatu za usiku na harusi ni kesho, utawasikia wao ndio wanaogonga mlango wako.

Mito yako sita ninayo bado. Sijaifungua, ni kazi yako kuifungua, na mshono wa mkono ule mzuri ufumue polepole, uzi utautumia tena. Njoo Jumanne baada ya sala ya alasiri. Chaki ninayo, futi kamba ninayo, uzi mweusi utaukuta. Mkasi uje na wako. Wangu siazimi, hata wewe.